Namna ya Kuchambua Mgogoro wa Haki za Uvuvi za Makabila na Uhifadhi wa Samoni wa Asili

Habari za samoni wa Kaskazini-Magharibi ya Marekani, samaki wanaozaliwa mitoni, wakakulia baharini na kurudi mitoni kutaga, mara nyingi humfikia msomaji zikiwa zimekwisha kugawanywa pande mbili: upande mmoja kuna makabila ya wenyeji yanayodai haki ya kuvua, na upande wa pili kuna wahifadhi wanaotaka samaki waachwe waongezeke. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwandishi wa habari au msomaji yeyote anayetaka kuuchambua mgogoro huo bila kuukubali mgawanyo huo tangu mwanzo, kwa sababu kwa maoni yangu mgawanyo wenyewe ndio unaozaa makosa mengi. Njia inayopendekezwa hapa ni kuuliza maswali manne kwa mpangilio: mkataba unasema nini, hesabu ya samaki imefanywaje, samaki wanaogombewa ni wepi, na ni nini kinachowaua kabla wavu wa kabila haujatandazwa. Anayeruka maswali matatu ya kwanza na kukimbilia la nne huishia kutafuta wa kumlaumu, na katika mito hii wa kulaumiwa hawakosekani.

Anza na mkataba wenyewe

Hati ya kwanza ya kusoma ni mkataba, kabla ya hukumu ya mahakama na kabla ya tamko la mwanaharakati yeyote. Isaac Stevens, aliyekuwa gavana wa Washington kabla haijawa jimbo kamili, alifunga mfululizo wa mikataba na makabila kwa haraka ya kushangaza: Medicine Creek tarehe 26 Desemba 1854, Point Elliott tarehe 22 Januari 1855, Point No Point siku nne baadaye, na Neah Bay pamoja na kabila la Makah tarehe 31 Januari. Mwezi Juni mwaka huohuo ikafuata mikataba na makabila ya Yakama, Nez Perce, Umatilla na Warm Springs katika bonde la Mto Columbia. Makabila yaliachia mamilioni ya ekari za ardhi, lakini hayakuachia samaki. Kifungu kinachojirudia katika mikataba hiyo, kwa tofauti ndogo za maneno, kinayahakikishia haki ya kuvua katika maeneo yote waliyoyazoea, kwa pamoja na raia wote wa eneo hilo.

Unapokisoma kifungu hicho, zingatia kwamba haki hii haikutolewa na serikali. Mahakama ya Juu ya Marekani ililieleza jambo hilo mwaka 1905 katika kesi ya Winans, iliyohusu wenye ardhi waliokuwa wamesimamisha magurudumu ya kunasia samaki kando ya Columbia na kuwazuia Wayakama kupita kwenda kwenye maeneo yao ya kale ya kuvulia. Mahakama ilisema kwamba mkataba ulikuwa ni makabila kuipa Marekani baadhi ya haki zao na kubaki na zile ambazo hawakuzitoa. Kwa hiyo mwandishi anayesema kwamba serikali “iliwapa” makabila haki maalumu ya uvuvi amekwisha kukosea kabla ya kufika kwenye nukta. Zingatia pia kwamba maeneo yanayotajwa yako hata nje ya ardhi iliyotengwa kwa ajili ya makabila, jambo ambalo ndilo lililozua ugomvi wote uliofuata.

Kuna kanuni nyingine ya usomaji ambayo mahakama za Marekani huifuata na ambayo mchambuzi hana budi kuishika: mikataba hii husomwa kama vile wenyeji waliotia alama zao walivyoielewa. Sababu yake ni ya haki kabisa. Mazungumzo ya Stevens na makabila ya pwani yalifanyika kwa lugha ya biashara yenye maneno mia chache tu, ambayo ilitosha kuuziana ngozi na samaki lakini haikuweza kubeba dhana za kisheria za mawakili wa serikali. Anayeing’ang’ania tafsiri finyu ya neno moja la mkataba, kana kwamba kila aliyekuwapo alikuwa na kamusi ya sheria mkononi, hajaisoma historia yake.

Usidhani hata hivyo kwamba kila kabila lina karatasi ya namna moja. Huko California mikataba 18 iliyofungwa mwaka 1851 na 1852 ilikataliwa na Baraza la Seneti, na haki ya Wayurok katika Mto Klamath inatokana na ardhi waliyotengewa na serikali ya shirikisho. Upande wa Kanada, msingi ni kifungu cha 35 cha Sheria ya Katiba ya mwaka 1982 pamoja na hukumu ya Sparrow ya mwaka 1990, iliyoanza na mvuvi wa kabila la Musqueam aliyekamatwa kwa kutumia wavu mrefu kuliko leseni ilivyoruhusu. Hukumu hiyo iliweka mpangilio ulio wazi: uhifadhi kwanza, kisha uvuvi wa wenyeji kwa ajili ya chakula, jamii na ibada, na wengine wote baadaye. Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi yoyote kuhusu “haki za makabila”, andika pembeni jina la kabila, jina la mto na hati inayohusika.

Zisome hukumu kwa mfuatano

Hukumu moja ikisomwa peke yake hupotosha, kwani kila moja inajibu jambo lililoachwa na iliyotangulia. Mwaka 1942, katika kesi ya Tulee, Mahakama ya Juu ilisema kwamba jimbo haliwezi kumtoza mvuvi mwenye mkataba ada ya leseni, ingawa linaweza kuweka masharti yanayohitajika kwa uhifadhi. Neno hilo la mwisho likageuka mlango. Kwa miaka mingi jimbo la Washington lilitumia uhifadhi kuwa sababu ya kufunga uvuvi wa nyavu mitoni, ambako makabila yalivua, huku samaki haohao wakiwa wamekwisha kuvuliwa baharini na meli za wengine. Billy Frank Mdogo wa kabila la Nisqually alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, na kabla ya mambo kutulia alikuwa amekamatwa zaidi ya mara 50. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walivua hadharani mbele ya askari kwa makusudi, ili suala lifike mahakamani.

Lilifika. Mwaka 1969 Jaji Robert Belloni wa Oregon aliamua kwamba makabila ya Columbia yanastahili mgawo wa haki wa samaki. Tarehe 12 Februari 1974 Jaji George Boldt wa Washington akautaja mgawo huo kwa tarakimu: makabila yenye mikataba yana haki ya kupata nafasi ya kuvua hadi nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa wanaopita katika maeneo yao, na zaidi ya hapo yanashiriki katika usimamizi wa uvuvi pamoja na jimbo. Mahakama ya Juu ikauthibitisha msingi wa uamuzi huo tarehe 2 Julai 1979, na kuongeza kwamba samaki wanaovuliwa kwa ibada na kwa chakula cha nyumbani nao wahesabiwe ndani ya nusu hiyo.

Katika mfululizo huu kuna hukumu moja ambayo watetezi wa makabila wakati mwingine huiruka, nami naona si sawa kuiruka. Mwaka 1973, katika kesi ya Wapuyallup kuhusu stilihedi, samaki wa jamii moja na samoni, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mkataba hauwapi wenyeji haki ya kumwandama stilihedi wa mwisho aliye hai mpaka aingie wavuni mwao. Mpaka huo umo ndani ya sheria yenyewe. Lakini sheria inadai pia kwamba sharti lolote la uhifadhi liwe la lazima kweli na lisiwabague wenyeji, na amri ya mawaziri wa shirikisho ya Juni 1997 ilisisitiza kwamba Sheria ya Viumbe Walio Hatarini isitumiwe kuwabebesha makabila mzigo usiolingana na wa wengine.

Fanya hesabu kwa mkono wako

Maneno “nusu ya samaki” ndiyo yanayoeleweka vibaya kuliko yote. Njia bora ya kuyaelewa ni kuchukua karatasi na kufanya hesabu ya kubuni. Tuseme wataalamu wanakadiria kwamba samoni 100,000 watarudi katika mto fulani, na kwamba wazazi 60,000 wanahitajika kufika kwenye changarawe na kutaga ili kizazi kijacho kisipungue. Wanaobaki ni 40,000, na hao ndio wanaogawanywa: 20,000 kwa makabila yote yanayovua hapo kwa pamoja, na 20,000 kwa wavuvi wengine wote, wa biashara na wa burudani. Sasa punguza idadi ya wanaorudi iwe 62,000. Ziada ni 2,000, na kila upande una 1,000. Punguza tena iwe 55,000, na hakuna cha kugawana. Nusu ya sifuri ni sifuri.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo vichwa vya habari hulificha, yaani kwamba uhifadhi hukatwa kwanza, na haki inagawanya kinachobaki. Kabila linapodai mgawo wake haliwagusi wale wazazi 60,000. Na kwa kuwa mgawo unategemea ziada, kabila ndilo lenye sababu kubwa kuliko yeyote ya kutaka mto uwe na samaki wengi, kwani halina ruhusa ya kuhamia mto mwingine ambao si wa maeneo yake ya kale. Mwenye meli anaweza kufuata samaki kwingine au kuuza leseni yake.

Baada ya hesabu rahisi, ingiza matatizo yake. Idadi ya kwanza ni makadirio, nayo hurekebishwa samaki wanapoanza kuonekana. Ukikuta tarakimu mbili zinazopingana katika taarifa mbili, angalia tarehe kabla ya kumshuku mtu. Tatizo zito zaidi ni kwamba samaki wa mito mbalimbali huogelea pamoja. Kundi kubwa lenye nguvu linaweza kupita mlangoni mwa bahari pamoja na kundi dogo la mto ulio taabani, na wavu hauulizi mtu ametoka wapi. Ndiyo maana msimu mzima unaweza kufungwa kwa sababu ya mto mmoja mdhaifu huku maelfu ya samaki wa mito mingine wakipita bila kuvuliwa. Chinuki, aina mojawapo ya samoni, waliozaliwa katika mito ya Washington huvuliwa pia katika maji ya Alaska na British Columbia, na kwa sababu hiyo Marekani na Kanada zilifunga Mkataba wa Samoni wa Pasifiki mwaka 1985, ambao sura zake za sasa za uvuvi zinahusu mwaka 2019 hadi 2028. Mwandishi anayetaja nyavu za mtoni bila kutaja ndoana za baharini ametoa nusu ya hesabu.

Chanzo kimoja cha tarakimu kinachopatikana kwa urahisi ni Bwawa la Bonneville, lililo la kwanza mtu anapopanda Mto Columbia, kiasi cha kilomita 235 kutoka baharini. Tangu mwaka 1938 samaki wanaopanda ngazi za maji zilizojengwa pembeni mwa bwawa wamekuwa wakihesabiwa, na leo wahesabuji hukaa nyuma ya kioo na kumtambua kila samaki kwa aina anapopita. Ni hesabu yenye thamani kubwa, lakini isomwe kwa tahadhari mbili. Kwanza, jumla ya Bonneville inachanganya samaki wa asili na wale waliozalishwa katika vituo vya kulelea vifaranga. Pili, wanaotangaza kwamba mwaka fulani umevunja rekodi kwa kawaida hulinganisha na miaka tangu bwawa lijengwe, wakati ambapo mto ulikuwa umekwisha kuvuliwa na kuharibiwa kwa miongo kadhaa. Makadirio yaliyofanywa na baraza la umeme na uhifadhi la kanda hiyo katika miaka ya 1980 ni kwamba kabla ya ujio wa walowezi samoni na stilihedi kati ya milioni 10 na milioni 16 walirudi Columbia kila mwaka. Amua mapema unalinganisha na nini, na umwambie msomaji wako.

Mtazame samaki mgongoni

Swali la tatu, la ni samaki wepi, ndilo linalohitaji subira zaidi, na ndilo linalowagawa watu ambao katika mengine yote wangekuwa upande mmoja.

Ukimshika samoni na kupitisha kidole mgongoni kutoka pezi kubwa kuelekea mkia, kabla tu ya kufika mkiani utagusa kipezi kidogo chenye nyama laini, kisicho na miiba. Kinaitwa pezi la mafuta. Katika vituo vingi vya kuzalisha vifaranga, kipezi hicho hukatwa samaki wakiwa wadogo kama kidole, ili mvuvi wa burudani atakayemnasa samaki huyo miaka kadhaa baadaye ajue kwamba ni wa kituoni na anaweza kumchukua, huku yule mwenye kipezi kizima akitakiwa kurudishwa majini. Ni utaratibu unaoonekana mwepesi, lakini haukamiliki. Vituo vingine, hasa vile vinavyojaribu kurudisha samaki katika mito waliyotoweka, huwaacha vifaranga wao na mapezi kamili ili wasichukuliwe kabla ya kutaga. Kwa hiyo kukosa kipezi ni ushahidi kwamba samaki ametoka kituoni, lakini kuwa nacho si ushahidi kamili kwamba ni wa asili. Makabila mengi pia hayapendi uvuvi wa kuchagua kwa kipezi, kwa hoja kwamba baadhi ya samaki wanaonaswa na kuachiwa hufa baadaye bila kumlisha mtu, na kwamba samaki aliyekwisha kukubali uhai wake kutwaliwa si wa kuchezewa.

Wahifadhi wa samaki wa asili wana hoja nzito, nayo isidharauliwe. Samaki anayelelewa kwenye matangi huchaguliwa na mazingira ya tangi: wanaosalimika ni wale wanaovumilia msongamano na kulishwa, si wale wanaojua kujificha. Utafiti uliofanywa juu ya stilihedi wa Hood River huko Oregon na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba uwezo wao wa kuzaa mtoni ulipungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Samaki wa namna hiyo wanapochanganyika na wa asili, udhaifu huo unaweza kurithiwa.

Lakini hoja ya makabila nayo ina mizizi. Vituo vingi vilijengwa ili kufidia samaki walioangamizwa na mabwawa na miji, na mwaka 1980 Jaji William Orrick aliamua kwamba samaki wa vituoni wanaingia katika mgawo wa mkataba kwa sababu hiyohiyo. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kwenye jambo hilo mwaka 1985. Katika Columbia, sehemu kubwa ya vituo vilivyogharamiwa na shirikisho baada ya mwaka 1938 viliwekwa upande wa chini wa mto, mbali na maeneo ya makabila ya juu ambayo ndiyo yaliyopoteza zaidi. Kabila la Nez Perce likaamua kutumia vituo kwa namna nyingine. Koho, aina nyingine ya samoni, walikuwa wametoweka kabisa katika Mto Snake, tawi la Columbia, kufikia miaka ya 1980, na tangu katikati ya miaka ya 1990 kabila hilo limekuwa likiwarudisha katika Mto Clearwater kwa mayai yaliyotoka kwingineko. Hakuna koho wa asili waliokuwapo hapo wa kuharibiwa.

Ushauri wangu ni kwamba usiulize kama vituo vya kuzalishia ni vizuri au vibaya. Uliza kituo kinachohusika kina lengo gani: kuzalisha samaki wa kuvuliwa, au kuwaingiza mtoni watage wenyewe. Kisha uliza kama katika mto huo bado kuna samaki wa asili, na ni wangapi. Majibu ya maswali hayo mara nyingi humaliza ubishi ambao mikutano haikuumaliza. Kumbuka pia mwaka 1992, ambapo sokai (nayo ni aina ya samoni) mmoja tu, dume, alifika Redfish Lake huko Idaho baada ya safari ya kilomita zipatazo 1,450 kutoka baharini. Bila kulelewa kituoni, ukoo huo ungekuwa umekwisha. Na walioiomba serikali mwaka 1990 iwatangaze sokai wa Mto Snake kuwa viumbe walio hatarini walikuwa makabila ya Shoshone-Bannock, jambo ambalo linapaswa kumfanya msomaji wa ule mgawanyo wa pande mbili asite kidogo.

Fuata maji

Wavu unaonekana kutoka barabarani. Mtu anayepita darajani hulipiga picha boya na kamba, na picha hiyo ndiyo inayosambaa. Vifo vingine vya samoni havina picha, na kazi ya mchambuzi ni kuvitafuta.

Anza chini ya barabara hiyohiyo. Kalavati ni bomba linalopitisha kijito chini ya barabara, na samoni hulikuta lipo katika sehemu ambayo mababu zake walipita bila kizuizi. Simama mahali maji yanapotokea na utazame mambo matatu: kama kuna mwanguko kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye maji ya chini, kama maji ndani ya bomba yanakwenda kasi kuliko samaki mdogo anavyoweza kuogelea, na kama kina cha maji wakati wa kiangazi kinatosha kumfunika samaki. Mojawapo likiwa na kasoro, kilomita zote za kijito zilizo juu yake ni kama hazipo. Mwaka 2001 makabila 21 pamoja na serikali ya shirikisho yalilishtaki jimbo la Washington kwa makalavati ya namna hiyo. Jaji Ricardo Martinez aliamua mwaka 2007 kwamba jimbo limevunja mikataba, na mwaka 2013 akaamuru makalavati yanayozuia sehemu kubwa ya makazi ya samaki yarekebishwe kufikia mwaka 2030. Tarehe 11 Juni 2018 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika wanne kwa wanne, na kwa hiyo uamuzi ukabaki. Maana yake ni kubwa kuliko mabomba: haki ya kuvua ina uzito hata kwa mambo yanayomfanya samaki asiwepo. Majaji hawakusema kwamba kila uharibifu wa mazingira ni uvunjaji wa mkataba, na usiwawekee maneno hayo mdomoni.

Kisha panda mtoni hadi kwenye mabwawa. Samoni anayerudi katikati ya Idaho hupita mabwawa manane, manne ya Columbia na manne ya chini ya Mto Snake, na watoto wake huyapita yote tena wakiteremka. Tarehe 10 Machi 1957 bwawa la The Dalles liliyafunika maporomoko ya Celilo, mahali ambapo makabila yalikuwa yakivua kutoka kwenye majukwaa ya mbao kwa nyavu za mpini mrefu kwa maelfu ya miaka. Bwawa la Grand Coulee, nalo la Mto Columbia, halikujengewa ngazi za samaki hata kidogo. Kuhusu mabwawa manne ya Mto Snake, makubaliano yaliyofikiwa Desemba 2023 kati ya serikali ya shirikisho, majimbo ya Oregon na Washington na makabila manne yaliondolewa na Rais Donald Trump Juni 2025, kwa hiyo angalia tarehe ya makala yoyote unayoinukuu kuhusu jambo hili.

Joto la maji linastahili safu yake katika daftari lako. Katika kiangazi cha mwaka 2015 takriban sokai 250,000 walikufa katika Columbia na matawi yake kwa sababu maji yalipata joto kupita kiasi. Na mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Washington walitambua kwamba koho waliokuwa wakifa katika vijito vya mijini baada ya mvua walikuwa wakiuawa na kemikali ya 6PPD-kwinoni, inayotoka kwenye vumbi la matairi. Makabila ya Yurok, Port Gamble S’Klallam na Puyallup ndiyo yaliyoiomba serikali ya shirikisho mwaka 2023 iichukulie hatua.

Jaribu maswali yako katika Mto Elwha

Kabla ya kuandika kuhusu mgogoro unaoendelea, ni vyema kujaribu njia hii katika mahali ambapo mengi yamekwisha kutokea. Mto Elwha uko kaskazini mwa rasi ya Olympic. Mabwawa yake mawili, Elwha la mwaka 1913 na Glines Canyon la mwaka 1927, hayakuwa na njia ya samaki, na samoni walibaki na kilomita zisizozidi nane za chini. Kabila la Lower Elwha Klallam lina haki chini ya mkataba wa Point No Point. Kubomoa kulianza Septemba 2011 na kukamilika mwaka 2014.

Uliza sasa swali la kwanza, na utaona kwamba haki ya kabila ilikuwapo muda wote wa karne ile bila samaki wa kutosha. Uliza la pili, na utakuta kwamba uvuvi ulifungwa tangu mwaka 2011, kabila likaziweka nyavu zake kando kwa zaidi ya miaka 10, na ni mwaka 2023 tu ndipo liliruhusiwa kuvua koho wachache kwa ibada na chakula. Swali la tatu linaleta ubishi wa kweli: mwaka 2012 makundi ya watetezi wa samaki wa asili yalishtaki kuhusu kituo cha uzalishaji cha kabila, yakihofia kwamba vifaranga wake wangewadhoofisha wale wa asili katika mto ambao ndio kwanza unafunguliwa. Kabila lilijibu kwamba matope yaliyolundikana nyuma ya mabwawa yangeweza kuua kizazi chote cha mwisho kilichobaki chini, na kituo kilikuwa bima. Ninaona kila upande ulikuwa na sababu, na anayeeleza kesi hiyo bila kueleza matope amewanyima wasomaji nusu ya jambo.

Panga kazi yako kwa kalenda ya samaki

Mwaka wa mchambuzi wa samoni unaanza Februari, makadirio yanapotolewa. Machi na Aprili wasimamizi wa jimbo na wa makabila hukutana katika mchakato uitwao Kaskazini ya Falcon, kwa jina la rasi ya Cape Falcon huko Oregon, wakapange misimu ya mito na ghuba sambamba na ile ya baharini. Chukua nakala ya makadirio ya kila mto unaokuhusu na uihifadhi, kwani baadaye taarifa mpya huzifunika za zamani. Aprili na Mei fuata chinuki wa majira ya kuchipua wakipita Bonneville, Juni na Julai wafuate sokai, na Julai na Agosti uweke joto la maji kando ya idadi ya samaki katika ukurasa mmoja. Chinuki wa vuli hufikia kilele chao Septemba.

Kwa mawasiliano, anza na tume za makabila zenye wataalamu wao wenyewe wa viumbe: ile ya Mto Columbia, inayojulikana kwa kifupi CRITFC na iliyoanzishwa mwaka 1977 na makabila manne, na ile ya magharibi mwa Washington, NWIFC, yenye makabila 20. Soma taarifa zao pamoja na zile za jimbo na za shirika la shirikisho la uvuvi, na pale zinapotofautiana andika tofauti hiyo badala ya kuchagua inayokupendeza. Hesabu ya wazazi waliofika kwenye changarawe hukamilika majira ya baridi, baada ya watu kutembea kando ya vijito wakihesabu viota na mizoga. Usiandike kwamba msimu umefaulu au umeshindwa kabla hujailinganisha hesabu hiyo na makadirio uliyoyahifadhi mwezi Machi, mto kwa mto.